Riwaya za genge la wezi wa Paris 1889: mnatuahidi wizi, mnatupa hirizi

Wakuu, nimemaliza kitabu usiku wa manane na usingizi umekataa kwa hasira. Jina lake silitaji, maana ugonjwa huu si wa kitabu kimoja. Ni riwaya ya vijana, historia iliyochanganywa na uchawi: wezi watano, Paris, mwaka 1889, Maonyesho ya Dunia yamepamba moto. Nikasema hapa ndipo penyewe.

Sura tatu nzima wanapanga. Nani atapanda ukuta, nani atampiga mlinzi porojo, kufuli la kasha lifunguliwe vipi. Nikakaa mkao wa kula. Siku ya tukio binti mkuu anagusa mlango, anafumba macho, alama ya kiganjani inawaka, mlango huo wazi. Basi! Sasa yule fundi wa makufuli mlimleta wa nini? Na sura tatu nilizosoma nikihesabu walinzi pamoja nao? Mwizi ambaye kila akikwama anatoa hirizi mfukoni haibi, anaokota.

Halafu lifti. Usiku wa kufunguliwa kwa maonyesho, tarehe 6 Mei, genge linatoroka kwa kushuka na lifti ya Mnara wa Eiffel. Lifti ipi? Zilianza kubeba watu tarehe 26 Mei. Kabla ya hapo watu karibu 30,000 walifika juu kwa miguu yao, vipandio 1,710. Yaani historia imemwekea mwandishi mezani mkimbizano wa bure: giza, ngazi za chuma, mzigo begani, viatu vya walinzi vinasikika vikipanda kutoka chini. Kautupa. Na uchawi mimi siukatai. Kama lifti yako inasukumwa na majini, sema ni majini, nitaamini. Lakini hapa hakuna jini, kuna mtu ambaye hakufungua kitabu.

Hayo ningesamehe. Lililoniuma ni hili. Kwenye maonyesho yale kulikuwa na kijiji cha watu weusi, watu wapatao 400, wamewekwa pale watazamwe. Hilo si la kutunga. Na mmoja wa wezi wetu ni binti mwenye asili ya Afrika. Anapita kando ya uzio, mwanamke anayetwanga ananyanyua uso, wanatazamana. Nikashika pumzi. "Alihisi huzuni," anaandika mwandishi, kisha aya inayofuata tuko kwa mshonaji! Gauni la dansi lina kurasa mbili: lulu, vifungo, mkunjo wa kiunoni. Mwanamke wa uzioni ana mstari mmoja, na harudi tena mpaka mwisho.

Na genge lenyewe linajisifu kwamba linaiba vitu vya kale ili lirudishe kwa wenyewe! Kinyago kinawatoa jasho kurasa mia tatu, watu hai waliozungushiwa uzio hatua chache tu kutoka hapo hawaulizwi hata majina. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano anayesimama akasema, jamani, na hawa? Hata wabishane, hata washindwe, ningeridhika.

Aliyekitambua kitabu hiki na kusoma juzuu lake la pili anijibu moja tu: yule binti anarudi pale kwenye uzio? Kama harudi, sinunui.