Mfanyakazi akifia kazini, familia ilipwe kwa mkupuo au kila mwezi?

Wakuu, tujadili hili bila matusi.

Mume wa dada yangu alikuwa fundi nondo hapa Dar, akadondoka toka ghorofa ya nne. Mwajiri wake alikuwa anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kwa hiyo dada na watoto wanapata pensheni ya kila mwezi. Arobaini haijafika, shemeji mmoja akamvuta pembeni: "Hela za kaka zinatoka lini, tuzipangie?" Akajibiwa hakuna mzigo, ni kidogo kidogo kila mwezi. Hatujamwona tena mpaka leo!

Kenya, sheria yao ya 2007 (WIBA) inawapa wategemezi mshahara wa miezi 96 kwa mpigo. Kwa mtu wa laki nne hiyo ni milioni 38.4. Mjane wa miaka 29 aliyezungukwa na wakwe atabaki na ngapi mwaka ukiisha? Mimi nasema kila mwezi.

Mpwani wa Kisauni: Ndugu, wajane wetu si watoto. Mama yangu alipewa zake zote, akajenga vyumba vinne vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyotusomesha. Hiyo pensheni yenu, unga ukipanda nayo inapanda? Shida yetu huku Kenya ni kuzungushwa. Wenye bima walimtembeza mama miaka miwili, mara cheti cha kifo, mara barua ya chifu, mara faili halionekani. Zilipotoka tulikuwa tushauza ng'ombe.

Saidia Fundi: Mnagombania mkupuo wenzenu hata majina hatuna kwenye huo Mfuko. Sisi tunalipwa mkononi jioni, tukigeuka bosi kashatusahau. Jamaa yetu kakatwa vidole vitatu na msumeno, kapewa elfu hamsini na nauli ya daladala. Basi.

Mleta mada: Mkuu, hapo umenigusa. Ulemavu usiozidi asilimia 30 WCF wenyewe hulipa kwa mkupuo, kwa hiyo huyo jamaa, kama ulemavu wake hauzidi hapo, angelipwa fidia yake yote mara moja. Na mchango wa sekta binafsi ulianza asilimia 1, sasa ni 0.5, anautoa mwajiri, haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kwa kibarua wa laki tatu kwa mwezi ni shilingi 1,500. Mtu anaficha jina lako kwa shilingi 1,500!

Mpwani, kwenye unga umenibana, nakubali. Basi labda ya mwaka mmoja itoke kwa mkupuo, ajenge au afungue genge, iliyobaki iende kila mwezi. Ila hiyo ya mwaka aishike mjane mwenyewe, isipitie kikao cha ukoo.

Mpwani wa Kisauni: Mwaka mmoja hujengi hata choo. Sema mitatu tuzungumze.