Nimefanya tiba kwa vitendo miaka minane, chuo cha Marekani kinataka nikae pembeni masaa 40 nitazame wengine wakiifanya

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu. Nina hasira na nimeamua kuyamwaga yote hapa, maana nimeyabeba peke yangu tangu mwaka juzi na mume wangu keshachoka kunisikiliza.

Kwa wasioijua fani hii: tiba kwa vitendo siyo fiziotherapia, ingawa hata hospitali kwetu wengi wanazichanganya. Mtu akipata kiharusi, mfiziotherapia anahangaika na mguu urudi kutembea. Mimi nahangaika na yule baba aweze kufunga vifungo vya shati mwenyewe, ashike kijiko, aoge bila kuogeshwa na binti yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo namtafutia namna ya kukaa ili ale bila kupaliwa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliisomea Moshi, stashahada ya miaka mitatu, nikamaliza 2008 na kuajiriwa hospitali ya mkoa. Mwaka 2012 nikapata ruhusa ya masomo, nikasoma shahada ya saikolojia, 2015 nikarudi kazini hadi 2019 bahati nasibu ya green card ilipotuleta Texas.

Hapa Marekani stashahada yangu haifanyi kazi, na hilo nililipokea. Tangu 2007 mtaalamu mpya wa fani hii lazima aanzie na shahada ya uzamili, na wapo wanaoanzia na shahada ya udaktari kabisa. Mwaka 2017 bodi yao ya ithibati, ACOTE, ilitangaza kwamba ifikapo Julai 2027 wote waanzie na udaktari. Kelele zikapigwa, na 2019 ikaamuliwa njia zote mbili zibaki. Nikasema sawa, nitasoma uzamili, nitakaa tena darasani na watoto wa miaka 22, nitafanya zile wiki 24 za mafunzo kazini bila mshahara, nitafanya mtihani wa taifa wa fani hii, NBCOT, nipate leseni. Sikuomba nipite dirishani. Niliomba mlango tu.

Mlango wenyewe sasa.

Karibu vyuo vyote vinataka masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, yote na maabara, takwimu, saikolojia ya makuzi ya binadamu tangu utotoni hadi uzee, saikolojia ya magonjwa ya akili, na sosholojia au anthropolojia. Anatomia ya Moshi haikuhesabiwa kwa sababu ni ya stashahada. Nikairudia kwenye chuo cha jamii hapa, sehemu ya kwanza muhula wa mwisho wa 2020, ya pili mwanzoni mwa 2021. Nikapata A zote mbili huku nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sasa kumbukeni 2020 ilikuwa nini. Corona. Vyuo vimefungwa, maabara zote zikahamia mtandaoni. Siyo mimi niliyechagua.

Mwaka jana chuo cha kwanza kikanikataa: maabara ya mtandaoni hawaipokei. Wengine waliisamehe ya miaka ile, wao hawakusamehe. Chuo cha pili kikaipokea maabara, nikashangilia. Barua yao imekuja Alhamisi iliyopita. Mistari minne, hakuna sababu. Nikapiga simu, nikahamishwa dawati hadi dawati, mtu wa tatu ndiye akanifungulia faili: masomo ya awali yasizidi miaka mitano, na wao wanahesabu hadi siku ya kuanza darasa. Darasa linaanza Juni 2026. Ya 2020 imepita. Ya 2021 imepita kwa wiki chache. Wiki, ndugu zangu!

Nikamwambia dada yule, kwa upole kabisa, kwamba anatomia hiyo sijaiweka kabatini, naitumia kila usiku ninapomgeuza mzee kitandani. Akanijibu kwamba ananielewa lakini sera ni sera. Nikamuuliza sera hiyo imeandikwa wapi, kwa sababu ukurasa wa maombi niliusoma neno kwa neno kabla ya kulipa. Akasema ipo kwenye mwongozo wa programu. Mwongozo wenyewe hutumwa kwa waliokubaliwa.

Hapo ndipo nilipolia. Ada ya maombi haina marejesho. Kwenye OTCAS, ule mfumo wa pamoja wa maombi, unalipia chuo cha kwanza, kisha unaongeza kwa kila chuo kingine, na vyuo vingine vinakuongezea fomu yao na ada yao. Ukijumlisha na tathmini ya vyeti vya nje, GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, ambayo chuo kimoja kilikuwa bado kinaitaka, chanjo na vipimo vya kifua kikuu ili niruhusiwe kuingia kliniki kutazama, mizunguko miwili imenila dola 1,900 na kitu. Hizo ni zamu ngapi za usiku? Na sharti lililonikataa lingeweza kuandikwa kwa mstari mmoja juu ya kitufe cha kulipia.

Vyeti navyo ni kilio chake. Chuo changu cha nyumbani kilitakiwa kutuma matokeo moja kwa moja kwa watathmini, bahasha imefungwa kwa muhuri. Nilimtuma mdogo wangu mara nne. Mara karani yupo likizo, mara mfumo hausomi, mara control number imeisha muda aombe nyingine. Miezi mitano! Jamani na nyie wa nyumbani, kuna watu maisha yao yanasubiri karatasi moja mezani kwenu. Sisi tunaopeleka maombi nje hatuwasumbui kwa raha.

Matokeo yalipofika, ofisa wa chuo kimoja akaniambia alama zangu "ziko chini". Kaona 64, kwao hiyo ni D. Kwetu 64 ni B+, na kuipata ulikesha. A inaanzia 70. GPA yetu ni ya 5 na yao ni ya 4. Watathmini walishabadilisha yote hayo, ripoti niliilipia na ipo mbele yake, lakini yeye anasoma namba ya karatasi ya asili! Halafu akaongeza kwamba shahada yangu ni ya miaka mitatu wakati yao ni minne. Nikamhesabia: msingi miaka 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Jumla 16. Yeye alisoma 12 na 4. Jumla 16. Akanyamaza, kisha akasema atauliza. Sijasikia kitu hadi leo.

Haya, masaa ya kutazama. Hili ndilo lililonipa kichwa cha uzi.

Vyuo vingi vinataka mwombaji awe amemtazama mtaalamu wa tiba kwa vitendo akifanya kazi, wengine masaa 20, wengine zaidi. Hawa wangu walitaka 40, sehemu mbili tofauti, asaini mwenye leseni ya Marekani. Kwa kijana aliyetoka shule naielewa, aione kazi kabla hajajifunga kwa deni. Nikawaandikia nikiambatanisha barua ya mwajiri wangu wa Tanzania: miaka minane, wodi ya watu wazima na kliniki ya watoto. Niliwaambia nilivyokuwa natengeneza viti vya watoto kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, unaanika, unapiga msasa, kwa sababu kiti maalumu cha dukani mama wa kijijini hawezi kukinunua. Wapo watoto waliokaa wima mara ya kwanza maishani kwenye viti hivyo, na mama zao walikuwa wanalia mbele yangu. Jibu likaja: uzoefu wa nje hauwezi kuchukua nafasi ya masaa ya kutazama. Barua ya mapendekezo ya bosi wangu wa zamani, aliyeijaza kwa simu saa tano usiku, nayo haikuhesabiwa kama ya mtaalamu kwa sababu leseni yake si ya hapa.

Basi nikaenda. Nilipiga simu kliniki kumi na moja, mbili zikakubali. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, maana nilisainishwa kwamba sitamgusa mgonjwa wala kutoa ushauri. Siku ya pili akaletwa mzee wa kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Msaidizi akamnyanyua kwa kumshika kwapani na kuuvuta mkono ule ule uliolegea. Bega la namna hiyo halishikwi hivyo, misuli inayolibeba imelegea na kiungo kinaweza kuteguka. Yule mzee akakunja uso. Mimi nimekaa. Nimeshika kalamu. Mtaalamu alikuwa amegeuka kwenye kompyuta. Nikafungua mdomo nikaufunga, kwa sababu saini yake ndiyo nilikuwa naitafuta. Nililitubia jambo hilo usiku ule na bado linaniuma kuliko barua ya kukataliwa.

Sasa msiniambie "omba tena mwakani", kwa sababu mwakani si kama mwaka huu. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafuta mikopo ya Grad PLUS, ile ya serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Ukiwa umeshaanza masomo na umeshakopa kabla ya hapo, unaachiwa utaratibu wa zamani kwa muda. Darasa langu lingeanza Juni. Ningeingia. Kuanzia Julai mwanafunzi wa uzamili atakopa serikalini mwisho dola 20,500 kwa mwaka, na dola 100,000 kwa jumla. Fani zitakazoitwa za kitaalamu, kama udaktari wa binadamu na sheria, zinapewa hadi 50,000 kwa mwaka, na kwenye mapendekezo ya wizara yao ya elimu tiba kwa vitendo haimo. Pengo hilo mtu wa zamu za usiku, mwenye watoto wawili, analiziba na nini? Benki binafsi, kwa riba yao.

Ninachotaka siyo upendeleo. Waandike masharti yote mahali pa kulipia, hata yawe hamsini, nisome niamue mwenyewe kama nitoe pesa. Na mtu aliyefanya kazi hii apewe mtu wa kumhoji nusu saa. Mniwekee mgonjwa mbele yangu mnione.

Naomba aliyepita njia hii anisaidie. Kama kuna chuo kilichopokea maabara ya mtandaoni ya 2020 na kinahesabu miaka kumi badala ya mitano, weka jina hapa au nitumie inbox. Kama umewahi kukata rufaa kwa mkuu wa idara na ukasikilizwa, nieleze barua uliiandikaje. Na kama kuna anayeijua njia ya kuanzia na stashahada ya wasaidizi wa tiba kwa vitendo huku kisha kupanda, nieleze imekuchukua miaka mingapi na uliishije.

Nipo zamu hadi saa moja asubuhi kwa saa za Texas. Nitasoma majibu wakati wa mapumziko.