Fimbo ndefu ya Shaolin: mti gani, na tuanze wapi?

KijanaWaLamu: Asalaam aleikum jamaa. Huku vijana tumezoea bakora za kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo, sasa twataka fimbo ndefu ya Shaolin, lile hekalu la Wabudha huko China. Tukate mti gani, urefu gani, na zoezi la kwanza ni lipi? Na ni kweli ilifundishwa na Bodhidharma, yule mtawa wa Kibudha wa kale?

Msomaji_Malindi: Waaleikum salaam. Bodhidharma muwekeni kando. Hekalu ni la mwaka 495, na jiwe la maandishi la mwaka 728 lililopo pale linataja watawa 13 waliomsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa China, vitani mwaka 621, ila halisemi walishika silaha gani. Bodhidharma alihusishwa na mazoezi ya mwili kwa kitabu Yijinjing, karne ya 17. Fimbo, Cheng Zongyou aliyejifunza hapo hekaluni anaipa asili kwa Kimnara, mlinzi wa kimungu. Lililo la hakika zaidi: jenerali Yu Dayou alipita Shaolin mwaka 1561, akaona ufundi umepotea, akaondoka na watawa wawili kwenda kuwafundisha. Yaani askari ndiye aliyewarudishia watawa fimbo yao!

FundiFimbo: Fito za mikoko hapana: nzito, na zikikauka hupasuka. Wachina hutumia mti mweupe unaonepa, mnene shinani, mwembamba nchani. Mkipata henzirani ya sm 2.5 hadi 3, chukueni. Urefu ufike kwenye nyusi. Pigeni msasa tu. Vanishi hunata, na mkono wa mbele lazima uteleze.

Anzeni na miondoko mitatu ya Kichina: “lan”, “na” na “zha”. Mkono wa kulia ushike shina, ubanwe kiunoni. Wa kushoto uwe mbele, umelegea kama pete. Lan: ncha izunguke kushoto. Na: irudi kulia huku ikishuka. Zha: sukuma shina mpaka mkono wa nyuma ukutane na wa mbele, mguu wa nyuma ukinyooka. Duara lisizidi kichwa cha mtu. Likipanuka, ujue mnazungusha mabega badala ya kiuno. Wanaotoka kwenye kirumbizi hukosea hapa hapa: hukaza mkono wa mbele, kisha hupiga badala ya kuchoma.

KijanaWaLamu: Shukran sana maalim. Ufukweni itafaa?

FundiFimbo: Maji yakishakupwa, kwenye mchanga mbichi uliokaza. Ule mkavu unyayo huzama, mwili ukigeuka goti husokoteka. Msimamo wa ma bu, yaani wa kama aliyepanda farasi, miguu iachane mara mbili ya upana wa mabega, goti lifuate vidole; likiingia ndani, inukeni kidogo. Nusu dakika yatosha kwa kuanzia. Msigonganishe fimbo bado: tungikeni kizibo kwa uzi usawa wa kifua, mkichome bila kukosa.