Nataka kuanza kazi ya kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi. Wateja wa kwanza watoke wapi?

BintiWaSaiti aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Nina diploma ya ujenzi na nimekuwa msimamizi wa saiti, hivi karibuni kwenye maghorofa ya Ruaka. Kandarasi yangu inaisha mwezi ujao na sitaki kukaa nyumbani nikingoja simu ya mkandarasi mwingine.

Miaka yote hii nimeona jambo moja. Mnunuzi anakuja kuchukua funguo, anasifu taili, anafungua makabati ya jikoni, anatoka kwenye roshani kutazama barabara, anatia sahihi. Mvua za Aprili zikiingia, simu zake hazikomi: dari inavuja, choo kinarudisha maji, soketi inatoa cheche. Mengi ya hayo ningeyaona asubuhi moja kama kungekuwa na mtu wa kunituma.

Kisheria nahitaji nini? Nitoze vipi? Na hasa, wateja nitawatoa wapi, maana wengi hapa Nairobi hawajui kama kazi hii ipo. Dalali mmoja wa Thika Road yuko tayari kuniletea watu kila wiki. Anataka fungu la malipo yangu, na ripoti aione yeye kabla ya mnunuzi. Nikubali ili nipate pa kuanzia?

Timazi76 alijibu:

Dada, nianze na huyo dalali. Kataa, na umkatae leo. Yeye analipwa nyumba ikiuzwa, na wewe unalipwa kusema kama nyumba ina kasoro. Ripoti ikipitia mikononi mwake, ukurasa wenye ufa ndio utakaopotea. Mnunuzi akigundua, hatamlaumu dalali. Jina lililo chini ya ripoti ni lako.

Kwa msingi huohuo, usikubali kurekebisha ulichokikagua. Utaona bafu linavuja, mteja atakuambia, "Basi niletee mafundi wako." Mwambie hapana. Marekani, ambako kazi hii imekomaa, chama cha wakaguzi wa nyumba, ASHI, kilichoanzishwa mwaka 1976 kinamkataza mkaguzi kulipwa kurekebisha mifumo aliyoikagua hadi mwaka mmoja upite. Hapa kwetu hakuna wa kukushika mkono, kwa hiyo iandike mwenyewe kwenye barua ya makubaliano, mteja aisome kabla hajalipa.

Makaratasi hayana shida kubwa: jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, ankara za eTIMS, mfumo wao wa mtandaoni, na kibali cha biashara cha kaunti. Angalia tu usijiite injinia. Jina hilo ni la waliosajiliwa na Engineers Board of Kenya na kulitumia bila usajili ni kosa. Ukiona jambo la muundo wa jengo, eleza ulichokiona na umwelekeze mteja kwa injinia wa miundo aliyesajiliwa. Bei ya nyumba nayo iachie wathamini.

Kazi yenyewe inataka jicho tofauti na la msimamizi wa saiti. Kuna mezoneti niliyoikagua Syokimau. Nyumba iliyopakwa rangi upya yote hainipi wasiwasi. Hii ilikuwa na rangi mpya ukuta mmoja tu, chumba cha kulala cha juu, nyuma ya kitanda. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Nikaweka mita ya unyevu, ikapanda. Mita pekee haitoshi kumshawishi mtu, kwa hiyo nikaziba tundu la maji bafuni, nikajaza sakafu kimo cha kidole, nikachora mstari wa penseli kwenye taili mahali maji yalipofika. Nikaendelea na paa, matangi na swichi. Niliporudi maji yalikuwa chini ya mstari, na kwenye dari ya sebule duara la unyevu lilikuwa limeanza kujitokeza. Aliyetumwa na muuzaji akasema ni mvuke. Nikapiga picha duara, mstari na mita, kila picha na saa yake. Muuzaji akang'oa taili zote na kupaka dawa ya kuzuia maji upya kabla ya kulipwa salio.

Yule mnunuzi ndiye aliyenituma kwa shemeji yake, kisha kwa mwenzake wa kazini. Wateja wangu wengi wamekuja kwa njia hiyo.

Upande huohuo wa Syokimau, Athi River na Embakasi, soma sana habari za udongo mweusi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea, na msingi usioupita hadi kwenye mwamba au murram utacheza nao kila msimu. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha upige picha ukiwa na rula kando. Ufa wa plasta ulio mwembamba kama unywele nao uandike, ila usimtishe mtu kwa ajili yake. Mkaguzi anayepiga kelele kwa kila kitu hasikilizwi siku ya jambo kubwa.

Malipo: mimi hutoza kwa ukubwa wa nyumba, 15,000 kwa fleti ya vyumba viwili, 25,000 kwa mezoneti, nusu kabla sijatoka nyumbani. Usitoze kwa asilimia ya bei, maana utaonekana unafaidika nyumba ikiwa ghali.

WakiliWaArdhi alijibu:

Nakubaliana na Timazi76. Naongeza la upande wetu, kwa sababu mawakili wa uhamishaji ardhi ndio watakaokuletea kazi ukituheshimu muda.

Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 anapotia sahihi mkataba wa mauzo, na mauzo hukamilika ndani ya siku 90. Wengi humkumbuka mkaguzi wakati asilimia 10 imeshatoka. Ukaguzi ufanyike kabla ya sahihi. Hapo naweza kuingiza kifungu kwamba muuzaji atatengeneza moja, mbili, tatu kwa gharama yake. Baada ya sahihi nabaki kuomba tu.

Kwa nyumba mpya mikataba mingi huwa na kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6. Wenye nyumba hukisahau hadi kipite. Tafuta mtaa wa nyumba mpya ambao watu wamehamia miezi minne au mitano iliyopita, ongea na mwenyekiti wao, kagua nyumba kadhaa kwa siku moja kwa bei nafuu. Majirani wenye malalamiko sawa wakiandika barua moja, mjenzi huitikia upesi.

Ukija ofisini usije na kadi peke yake. Lete sampuli ya ripoti, majina yamefichwa. Nikiielewa bila kukupigia simu, nitampa mteja wangu namba yako.

MamaTaji_Minnesota alijibu:

Mwanangu, usitusahau sisi tulio nje. Mimi ni muuguzi huku Marekani na nimejenga Kitengela kwa kutuma pesa kidogo kidogo. Jamaa yangu alikuwa akinitumia video za geti na rangi, kila kitu kinapendeza. Nilipokuja likizo nikakuta matangi hayajaunganishwa na vyumba vya nyuma havina stima.

Mtu kama wewe ningemlipa kila hatua ya ujenzi: aende aone msingi kabla sijatuma za kuta, aone slabu kabla sijatuma za paa. Anipigie kwa video akiwa palepale, afungue bomba nisikie maji, awashe taa nione. Tuna makanisa, vyama vya akina mama, vikundi vya WhatsApp. Ukimhudumia mmoja vizuri, habari itafika kwa wote kabla ya Jumapili.

BintiWaSaiti alijibu:

Asanteni sana, nyote. Mama, nakuandikia faraghani leo usiku. Dalali nimeshamwambia hapana. Mjomba anahamia fleti mpya Kahawa Sukari, nitaikagua hiyo bila malipo nitengeneze sampuli ya kumpelekea Wakili.

Timazi76, moja tu: nikifika na muuzaji akanizuia kupanda darini au kufungua kisanduku cha swichi, nifanye nini?

Timazi76 alijibu:

Usibishane naye. Kisanduku chenyewe usikifungue hata ukiruhusiwa, kama huna leseni ya umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati. Nenda na fundi aliye nayo, umlipe siku yake. Ukizuiwa, andika sehemu gani hukuiona, saa ngapi, na sababu uliyopewa kwa maneno yake mwenyewe. Iweke ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya huo mlango uliofungwa, kisha mpigie mteja kabla hujaondoka pale. Mara nyingi akimpigia muuzaji yeye mwenyewe, ufunguo unapatikana.