Mashine pepe: AC97, HD Audio au Sound Blaster 16, ipi ina sauti safi?

Kinanda_Kuu: Wakuu habari za jioni. Nina mafaili ya kwaya yetu tangu 2006, yanafunguka kwenye programu moja tu ya zamani ambayo inakataa Windows mpya. Nataka niiweke ndani ya VirtualBox (programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), sasa upande wa sauti naona hizo kadi tatu, nichague ipi? Au niachane nayo ninunue kompyuta ya mtumba, kuna mtu ananiuzia na anataka jibu Jumamosi.

fundi_nyaya: Mkuu umeuliza nusu. Ndani inakaa Windows gani, biti 32 au 64? Na kompyuta yenyewe ina nini?

SautiPwani: Weka HD Audio, hizo zingine za kizamani. Mi ndani nina Windows 10 na sijawahi kugusa kitu.

fundi_nyaya: Ndo maana nimeuliza. Hapo hakuna kadi ya kweli, ni programu inajifanya kadi ili Windows ya ndani ione chipu inayoijua, ikimwaga sauti kwenye bafa (kumbukumbu ya kuhifadhi sauti kwa muda) programu inaichota na kuipeleka kwenye spika zako. Kwa hiyo angalia Windows yako imekuja na draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya ipi. Windows XP inaielewa AC97, Windows 7 ya biti 64 haina draiva yake, hiyo ipe HD Audio.

MamaMixer: Hilo la draiva lilinitoa machozi. Nilikuwa na hiyohiyo 7 ya biti 64 nikaipa AC97 kwa kukariri, kimya, nikaingia tovuti moja nikashusha draiva, kumbe imebeba virusi, vikafunga folda ya kompyuta yangu yenyewe niliyokuwa nimeishea na mashine pepe, nyimbo za harusi za wateja wawili zikapotea na hela nikawarudishia. Na dawa ilikuwa kuzima mashine pepe na kubadilisha kadi kwenye setingi, dakika moja tu!

SautiPwani: Pole dada. XP ndo usiipe intaneti kabisa, Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014.

dosi_kongwe: Mnaionea Sound Blaster 16. Gemu za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, bila setingi zake za A220 I5 D1 hutoboi. QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, wanayo hata Gravis Ultrasound, kadi nyingine ya zamani.

fundi_nyaya: DOS kaiulizia nani mkuu?

Kinanda_Kuu: Samahani wakuu, ni XP biti 32, laptopu ina Linux, kori mbili, ramu GB 4. AC97 inatoa sauti ila inakwaruza.

fundi_nyaya: Kori zote mbili umeipa XP? Ipe moja. Bafa lazima ijazwe kila baada ya milisekunde chache, prosesa ikibanwa inakauka, hapo ndo unasikia mikwaruzo.

dosi_kongwe: Hamia QEMU, tangu toleo la 8.2 kuna virtio-sound, kadi ya sauti iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, haijifanyi chipu ya mtu.

fundi_nyaya: XP itaipatia wapi draiva?

MamaMixer: Kinanda, unafungua tu au unarekodi? Kama unarekodi tafuta kadi ya USB uikabidhi XP moja kwa moja.

SautiPwani: USB nayo ndani ya mashine pepe inachelewa, utaimba leo usikie kesho. Chukua huo mtumba.

MamaMixer: Wa mtu anayekuharakisha? Diski yake ameikagua nani?

Kinanda_Kuu: Nimeipa kori moja, mikwaruzo imepungua ila wimbo ukianza bado ipo. Na ndiyo, soprano nataka warekodi upya. Kadi ya USB yenye draiva ya XP bado zinapatikana?