Vyombo vya marehemu mama, tuanzie wapi?

BintiTanga: Arobaini imepita, nyumba tunairudisha mwisho wa mwezi. Tuanze kugawa nguo?

Kaka Mirathi: Bado, dada. Karatasi kwanza: hati, vitabu vya benki, stakabadhi za madeni. Kung'uteni kila msahafu, mifuko ya makoti, na mchungulie chini ya godoro. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V. Kitu kikiuzwa kabla ya kuandikwa, ndipo ndugu hukosana.

Mama K: Khanga zipangeni doti kwa doti, pea isitengane. Zenye uvundo zianikeni zikauke kabisa. Zikifungwa kwenye plastiki na unyevu zitaota ukungu.

BintiTanga: Na dawa?

Mama K: Msigawe hata kidonge! Mpelekeeni mfamasia.