Juisi ya karakara: naisikia harufu, mashine haiioni

Mwana wa Kisauni
Assalaam aleikum wajuzi. Natafiti harufu ya juisi ya karakara (pasheni), ile ya manjano inayokubali joto la huku pwani. Nanunua sokoni Kongowea alfajiri, nakamua, natia juisi kichupani na chumvi ili harufu ipande juu, napasha hadi nyuzi 40, kisha naning'iniza uzi wa kunasa harufu kwa nusu saa kabla ya kuupeleka kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha viambata vya harufu kimoja kimoja na kuchora kilele kwa kila kimoja. Vilele virefu kwenye karatasi ni esta, viambata vyenye harufu ya matunda: ethili butanoeti, ethili heksanoeti, heksili butanoeti. Lakini nikifungua kichupa, kinachonipiga mwanzo ni ule ukali wa karakara yenyewe, nao siuoni kwenye karatasi. Uko wapi?

Fundi Tudor
Waaleikum salaam dada. Umo humo humo. Urefu wa kilele ni wingi wa kitu, si nguvu ya harufu yake. Karakara ya manjano ina viambata vya salfa, kama 3-sulfanilheksanoli. Ni kidogo mno, ila pua huvitambua hata vikiwa makumi ya nanogramu kwa lita. Esta zinavifunika.

Ombeni kifaa cha kugawa gesi mwisho wa kolamu, ile neli ndefu ya mashine inayotenganisha viambata: sehemu iende kwenye kitambuzi, sehemu itoke kwa mtu anusaye na kutaja dakika na harufu aliyoipata. Wakae watu kadhaa, kwa zamu, maana pua huchoka. Pitisha alkani, viambata vya kaboni na hidrojeni vinavyotumika kama vipimo, siku hiyo hiyo, upate kulinganisha nyakati ambazo kila kiambata hutoka. Na tafadhali, chombo cha shaba kisiguse juisi: shaba hushika salfa, na hapo utatafuta kisichokuwapo.

Mama Juisi Likoni
Mwanangu, nami nina langu. Nikiichemsha ili ikae, inakuwa nzito kama uji na harufu yote imetoka.

Fundi Tudor
Uzito ni wanga wa karakara, mama, unavimba kwa moto. Harufu ni zile esta nyepesi, zinapanda na mvuke. Viwanda vinavyopunguza maji ya juisi huunasa mvuke wa mwanzo na kuurudisha baadaye. Wewe funika sufuria, pasha kwa muda mfupi, na upoze upesi.

Mwana wa Kisauni
Ahsante sana. Mama, nikusumbue: niwekee chupa mbili, mbichi na iliyochemshwa, za karakara za fungu moja. Nataka kuzinusa zote kwenye kifaa hicho, nione ule wa salfa unabaki au unakwenda na mvuke.